KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: VIMENG'ENYA NA GEGEDU LA GOTI

Na Mwanachama wa Kidato cha 3

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu sisi huitumia methali hii tunapomsema rafiki aliyetusaliti au ndugu aliyetudhulumu. Leo nataka kuitumia kwa jambo lililo karibu zaidi, tena ndani ya ngozi yetu wenyewe. Nataka tuzungumze juu ya vimeng'enya, yaani zile protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini, na jinsi baadhi yavyo vinavyoweza kugeuka na kulila gegedu la goti la mwenyewe.

Najua kuna watakaosema, "Ala! Huyu naye ametuletea bayolojia katika jarida la Kiswahili?" Subirini kidogo. Kiswahili si lugha ya mashairi na hekaya peke yake. Ikiwa kinaweza kueleza mapenzi na siasa, kwa nini kishindwe kueleza goti? Vimeng'enya tulivisoma kidato cha kwanza, na viungo vya mwili tutavisoma kidato cha nne. Mimi naomba tu kuunganisha hayo mawili mapema.

GEGEDU NI NINI?

Siku ukibahatika kupata paja la kuku, usiharakishe kuutupa mfupa. Itazame ncha yake. Utaona utando mweupe unaong'aa kama kauri, ambao huteleza ukiupitishia kidole. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la mtu mzima, unene wake ni kama milimita 2 hadi 4 hivi. Wembamba huo ndio unaozuia mfupa usisagane na mfupa mwenzake kila tunapokimbilia kengele ya asubuhi.

Gegedu limeundwaje? Chukua kiondo, ukijaze sifongo, kisha ulowe maji sifongo hiyo. Nyuzi za kiondo ni protini iitwayo kolajeni. Hizi ni ngumu kama kamba na ndizo zinazolishikilia gegedu lisipasuke. Sifongo ni molekuli kubwa iitwayo agrekani, ambayo ukiichora inafanana na ile brashi ya kuoshea chupa. Agrekani ina chaji hasi nyingi, na kwa sababu hiyo huvuta maji na kuyang'ang'ania. Maji yenyewe ni kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wa gegedu. Ukikanyaga, maji hukamuliwa kidogo. Ukiinua mguu, maji hurudi. Sifongo husukuma nje, kiondo huvuta ndani, na katika kuvutana huko goti hubeba mzigo miaka nenda miaka rudi.

Kuna mambo mengine mawili ya ajabu. Kwanza, gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka katika ule ute wa kiungo. Pili, halina neva. Halihisi chochote. Ndiyo maana linaweza kuharibika kwa miaka mingi bila mwenyewe kupata habari, na maumivu yanapobisha hodi yanatoka katika mfupa na sehemu nyingine za kiungo, sio katika gegedu lenyewe. Seli zinazoishi humo ni chache mno, nazo zimetawanyika mbalimbali kama nyumba za nyikani. Hizo chache ndizo zinazojenga kila kitu, na, kumbe, ndizo pia zinazotengeneza vimeng'enya vya kubomoa!

FUNDI MWENYE MAKASI

Usije ukadhani kwamba vimeng'enya hivi ni vibaya tangu kuzaliwa. La, hasha! Mwili hauwezi kukua bila kubomoa. Mtoto akirefuka, gegedu la zamani hukatwa ili mfupa upate nafasi. Fundi akitaka kupanua nyumba huanza kwa kuvunja ukuta mmoja. Taabu huanza pale fundi anapoendelea kuvunja na hakuna anayejenga.

Tulifunzwa kwamba kimeng'enya hufanya kazi kama ufunguo na kufuli, yaani kila kimoja kina mahali pake maalumu pa kukata. Katika gegedu kuna koo mbili zinazotajwa sana.

Ukoo wa kwanza huitwa MMP. Vimeng'enya hivi hubeba chembe ya madini ya zinki mahali pa kukatia, nayo ndiyo makali ya makasi. Hutengenezwa vikiwa vimelala, kama kisu kilicho ndani ya ala, mpaka kipande kinachoziba makali kiondolewe. Hodari katika ukoo huu ni MMP-13. Hiki huukata uzi wa kolajeni mahali pamoja tu, ukabaki vipande viwili: kimoja robo tatu na kingine robo. Pakishakatwa hapo, uzi uliobaki hufumuka, na vimeng'enya vingine huja kumalizia karamu.

Ukoo wa pili ni ADAMTS. Nambari 4 na nambari 5 katika ukoo huu huikata agrekani, hasa kati ya asidi amino ya 373 na ya 374. Wakishaikata, ile brashi ya chupa hupoteza sehemu yake iliyovuta maji. Sifongo inatoka, kiondo kinabaki kitupu.

Kuna na askari wa zamu. Hawa ni protini ziitwazo TIMP, nazo ziko aina nne. Kila moja hukamata makasi na kuyafumba, na TIMP-3 ndiyo inayojulikana kwa kuwazuia wakata agrekani. Kwa hivyo, katika goti lenye afya, wajenzi, wabomoaji na askari wako katika mizani. Mizani ikipinduka, kwa mfano baada ya jeraha, seli hutoa makasi mengi kuliko askari waliopo. Hapo ndipo ugonjwa uitwao ostioathritisi huanza kunyemelea.

PAPAI NA MASIKIO YA SUNGURA

Sasa swali: haya yote yalijulikanaje? Huwezi kumfungua mtu goti kila wiki ili utazame gegedu lake linaendeleaje. Wanasayansi waliwageukia wanyama, na kisa kinachonifurahisha zaidi kinaanza na papai.

Mapishi wengi, hasa wa pwani, hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu ili iive upesi. Siri ni kimeng'enya kilicho katika utomvu wa papai, kiitwacho papeini, ambacho hukatakata protini. Daktari mmoja wa Marekani, Lewis Thomas, alikuwa akiwadunga sungura papeini kwenye mshipa kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa. Kesho yake akakuta masikio ya sungura yamelegea na kuanguka kama ya mbwa koko aliyenyeshewa! Baada ya siku chache masikio yakasimama tena kama kwamba hakuna lililotokea. Jambo hili aliliona mara ya kwanza katika miaka ya 1940, akalitafutia sababu asiipate, akaendelea na kazi nyingine. Aliporudi kulichunguza katika miaka ya 1950, alilinganisha gegedu la sikio la sungura aliyedungwa na la sungura asiyedungwa, na hapo siri ikafichuka. Gegedu la yule aliyedungwa lilikuwa limepoteza kile kijazio kinachokaa kati ya seli. Akachapisha habari hizo mwaka wa 1956.

Ona basi maana yake. Papeini ilikuwa imeondoa sifongo lakini kiondo kilibaki. Seli zilipotengeneza sifongo mpya, sikio likainuka. Tushike jambo hilo, maana litatufaa mbele: agrekani ikipotea, inaweza kurudishwa. Kolajeni ikikatwa ni habari nyingine, kwa kuwa ile ya gegedu tunaijenga tukiwa watoto na vijana, na baada ya hapo haibadilishwi ila kidogo sana.

Mwaka wa 1962 watafiti wengine wawili, Jerome Gross na Charles Lapiere, walijiuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea angeweza kuuliza: mkia wa ndubwi huenda wapi anapogeuka kuwa chura? Walichukua vipande vya mkia wakaviweka juu ya utando wa kolajeni. Utando ukayeyuka kuzunguka vile vipande. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kimeng'enya cha kwanza cha mnyama kinachojulikana kukata kolajeni, na ukoo mzima wa MMP ukafuata nyuma yake. Mkia wa ndubwi ndio uliotufungulia mlango wa goti la binadamu!

NJIA NNE ZA KUPATA MNYAMA MWENYE GOTI BOVU

Wataalamu huwaita wanyama hawa vielelezo vya ugonjwa. Njia zinazotumika ni nyingi, ila naona zaingia katika mafungu manne.

Ya kwanza ni kudunga gotini kitu kinachoharibu, kama vile papeini au kimeng'enya cha kukata kolajeni. Panya wengine hudungwa kemikali inayoua seli za gegedu kwa kuzinyima nishati. Njia hii ni ya haraka, lakini si hivyo ugonjwa unavyowapata watu.

Ya pili ni upasuaji. Mwaka wa 1973 M. J. Pond na G. Nuki walieleza jinsi walivyokata kano moja ndani ya goti la mbwa ili goti lilegee. Siku hizi hutumiwa sana panya wadogo. Hukatwa kano ndogo inayoshikilia kile kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mwandamo kilicho kati ya mifupa ya goti. Kipande kikiteleza, uzito huangukia mahali pasipostahili, na baada ya wiki 4 hadi 8 gegedu limeanza kumomonyoka.

Ya tatu ni kungoja tu. Kuna simbilisi wa aina ya Dunkin Hartley ambao hupata ostioathritisi ya goti wenyewe kadiri wanavyokua na kunenepa, bila kuguswa na mtu.

Ya nne ni kubadilisha jeni. Hapa ndipo vimeng'enya vilipofikishwa mahakamani mmoja mmoja. Mwaka wa 2001 ilichapishwa habari ya panya waliowekewa jeni ya binadamu ya MMP-13 ili ifanye kazi katika gegedu lao. Wakapata ugonjwa. Mwaka wa 2005 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na moja la Australia, yalichapisha matokeo katika toleo moja la jarida la Nature. Panya walioondolewa makali ya ADAMTS-5 walilindwa sana, gegedu lao halikuharibika kama la wenzao. Walioondolewa ADAMTS-4 pekee hawakupata nafuu hiyo.

Mwaka wa 2009 zamu ikamfikia MMP-13. Panya wasiokuwa nacho walifanyiwa upasuaji wa goti. Agrekani yao ilipotea vilevile, lakini gegedu halikumomonyoka kama la wale wengine. Umeona? Sifongo ilitoka, kiondo kikabaki, goti likavumilia. Ni kama masikio ya wale sungura yamerudi kutoa ushahidi.

MBONA BASI HAKUNA DAWA?

Ukiwa umenifuata mpaka hapa, bila shaka unauliza: kama mwizi anajulikana, si akamatwe? Wamejaribu. Yalitengenezwa madawa ya kuzuia MMP nyingi kwa mpigo mmoja. Katika majaribio ya wagonjwa wa goti yaliyochapishwa mwaka wa 2007, dawa moja ya namna hiyo haikuleta faida, na baadhi ya waliotumia walipata maumivu na ukakamavu wa viungo. Dawa ya viungo inaleta ugonjwa wa viungo! Sababu ni ile niliyotaja. Fundi huyu ana kazi zake halali, na ukiwafunga mafundi wote wa mtaa kwa kosa la mmoja, nyumba zitakuwa bovu.

Baadaye ikaja dawa iliyolenga ADAMTS-5 peke yake. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 932 kwa muda wa wiki 52. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba haikupunguza kupotea kwa gegedu kuliko vidonge visivyo na dawa.

Kilichomfaa panya kilishindwaje kwa mtu? Panya mdogo ana uzito wa gramu 25 hivi na hutembea kwa miguu minne. Gegedu lake halifiki hata unene wa kucha. Yeye huanza kutibiwa au kulindwa siku ile ile anapoumizwa, ilhali mgonjwa wa kwetu huenda hospitali baada ya miaka 20, kiondo kikiwa kimekwisha toboka. Tena ugonjwa huu haukai katika gegedu tu, bali huingia katika mfupa, utando wa kiungo na misuli. Wataalamu wengine wanaongeza kwamba kwa binadamu ADAMTS-4 naye ana mkono wake. Haya hayamaanishi kwamba panya walitudanganya. Walijibu swali waliloulizwa, na sisi tulikuwa na swali kubwa kuliko hilo.

Na je, ni haki kuwaumiza wanyama namna hii? Katika mjadala wa chama chetu najua hoja hii ingegawanya ukumbi. Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kwamba mtafiti hana budi kufuata mambo matatu: kutumia njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kuwapunguzia maumivu. Mimi naona kuna la nne. Mnyama akishateseka kwa ajili yetu, tulichojifunza kwake tusikiache kabatini.

YANATUHUSU NINI?

Yanatuhusu sana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ostioathritisi, na goti ndilo liliathirika kuliko viungo vyote. Katika hao milioni 528 yumo nyanya yangu, tunayeishi naye nyumbani. Miaka mingi alibeba maji na kuni mgongoni, na sasa kuinuka kutoka kwenye kigoda ni safari. Mwaka jana mchuuzi mmoja alipita mtaani kwetu akiuza unga wa kolajeni, ati ukinywa kwa wiki mbili gegedu linaota upya. Alilipwa shilingi 1,500. Nyanya alikunywa mpaka mkebe ukaisha. Goti likabaki lile lile, na mchuuzi hakuonekana tena.

Hebu tumjibu mchuuzi yule kwa somo la kidato cha kwanza. Kolajeni ni protini. Protini ukiimeza, hukutana na pepsini tumboni na tripsini kwenye utumbo, ikakatwakatwa kama maharagwe ya githeri. Haiwezi kufika gotini ikiwa kamba nzima na kujifuma yenyewe kuwa kiondo. Na kama dawa ya kuotesha gegedu kwa wiki mbili ingekuwepo, wale watafiti wangeacha kuhangaika na panya.

Jambo jingine ni jina. Wengi wetu huita kila maumivu ya viungo "baridi yabisi", kisha jina likatufanya tuilaumu baridi. Yabisi ni -kavu au -gumu, na kwa kweli kiungo kigonjwa hukakamaa. Lakini baridi haina makasi. Hakuna kimeng'enya kinachoingia gotini kwa sababu umeoga maji baridi. Tena wako wanaowasingizia majirani uchawi. Nyanya yangu aliwahi kuambiwa kwamba amefungwa miguu na mtu, na kwa muda mrefu hakuwa akimsalimu jirani yake mmoja. Mimi nilipomweleza habari za kiondo na sifongo alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Kwa hivyo hakuna aliyenifanyia?" Nikamwambia, "Hakuna, nyanya." Hiyo ndiyo faida ya sayansi ambayo haiandikwi katika vitabu vya mtihani.

Alipokwenda kliniki, mhudumu hakumpa miujiza. Alimpa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, dawa ya maumivu ya kutumia kwa kipimo, na ushauri wa kupunguza uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza, goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Hesabu mwenyewe hatua za siku moja. Leo anafika sokoni kwa miguu, ingawa kwa kupumzika njiani.

Nanyi wanasoka wetu, neno langu la mwisho ni lenu. Wale panya waliokatwa kano ndogo ya goti ni picha yenu nyinyi, kwa kuwa jeraha lile ndilo mnalopata mnapogongwa au kujipinda uwanjani. Mtu aliyeumia hivyo ana uwezekano wa kupata ostioathritisi mara kadhaa kuliko asiyeumia, tena mapema. Mchezaji wetu goti likimvimba, sisi hushangilia akirudi uwanjani baada ya kufungwa leso. Tusishangilie. Goti likivimba, likijifunga lisinyooke au likilegea, mpeni mapumziko na apelekwe hospitali. Gegedu halina neva, halitamwambia kitu leo. Litamwambia akiwa na miaka 40, na wakati huo shule haitakuwa karibu kumpa pole.

Kwa hayo machache natia kalamu yangu chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe, mwenzangu, bado hakuna fundi duniani anayejua kuujenga.